Jicho Lisilomwona Aliyetulia

Maneno yale niliyasikia kwenye kibanda cha chai nje ya geti, na tangu siku hiyo nilishindwa kuyatoa kichwani. Walisema lile jicho la kwenye mashine halimwoni mtu aliyetulia.

Naeleza kwanza kwa wale ambao hawajaingia kiwandani. Kiwanda chetu kiko Igoma, ukiiacha barabara ya Musoma unaingia ndani kidogo. Tunatengeneza chakula cha samaki wanaofugwa kwenye vizimba ziwani. Upande mmoja wanaingiza dagaa waliosagwa, soya na mashudu, upande wa pili zinatoka punje ndogondogo zinazojazwa kwenye mifuko. Kazi yangu ni kushona midomo ya hiyo mifuko. Mfuko ukishashonwa unapanda kwenye mkanda, unaingia sehemu iliyozungushiwa uzio wa chuma, na humo ndani kuna mkono wa mashine unaousukuma na kuupanga juu ya chaga za mbao. Mkono ule ukisukuma, hata maksai wa baba yangu wasingeuzuia.

Uzio una mlango usio na komeo, ni uwazi tu wa kupita mtu. Juu ya uwazi wamefunga kitu kidogo cheusi. Mafundi wanakiita sensa, sisi wanawake tunakiita jicho. Ukiingia kufagia punje zilizomwagika au kutoa mfuko uliopasuka, jicho linakuona unavyotembea, taa inakuwa nyekundu na mkono unasimama hapohapo ulipofika. Ukishatoka, taa inarudi kijani na mkono unaendelea na kazi yake.

Ni kitu kizuri. Sitaki mtu asome haya halafu aseme Mama Modesta anachukia sensa. Kabla hawajaiweka, vijana walikuwa wanaingia mle kwa kuviziana na mkono, kama watoto wanaoruka kamba, na mmoja alirudi kwao bila vidole. Jicho lilipokuja tulishukuru. Ninachosema ni kwamba tulilishukuru bila kulijua.

Aliyeleta yale maneno ni Dorcas, mwenzangu tunayeshona naye meza moja.

"Kuna kiwanda kimoja huko," alisema, chapati mdomoni, "mfagiaji aliingia ndani ya uzio akasinzia, ameegemea fagio lake. Jicho likamsahau. Mashine ikadhani ni mfuko."

"Ikamfanyaje?"

"Ikampanga juu ya chaga! Bado kidogo apelekwe Ukerewe akaliwe na sato."

Kibanda kizima kilicheka. Mimi sikucheka.

"Nani kakuambia, Dorcas?"

"Wanasema."

"Wanasema akina nani?"

"Si watu, Mama Modesta! Kunywa chai yako, inapoa."

Sikucheka kwa sababu aliyekuwa anafagia ndani ya uzio wetu alikuwa mkwe wangu, mume wa Modesta, na Modesta ndiye mtoto wangu wa kwanza. Wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza, nimemchukua kwangu Buswelu ajifungulie mikononi mwangu, na mume wake amebaki kwenye chumba chao cha kupanga Igoma. Mimi na mkwe hatukupanga kufanya kazi mahali pamoja. Mimi nilitangulia, yeye akaja kuchukuliwa baadaye bila kujua niko humo. Siku aliponiona kwenye meza ya kushonea, aligeuka akatoka nje mpaka msimamizi akamfuata kumrudisha.

Nalo hili nalieleza, maana wengine mtashangaa. Kwetu Wasukuma, kwa sisi tuliolelewa hivyo, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawali pamoja, hawapeani mkono. Akinikuta njiani anasogea pembeni, ananipa mgongo, anainamisha kichwa na kutulia tuli mpaka nipite. Nikiwa na neno kwake namtuma mtu. Na jina lake silitaji. Vijana wa siku hizi wengi wameyaacha mambo haya, lakini yeye kwao ni Misungwi ndani kabisa, kalelewa na bibi, hakuyaacha. Nami moyoni nilijivuna. Nilikuwa nawaambia wenzangu, mwanangu kapata mume mwenye adabu.

Kiwandani walitutania sana. Dorcas ndiye alikuwa anapeleka maneno yangu kwake na kurudisha ya kwake.

"Mimi ndiyo posta yenu," alikuwa anasema. "Na stempu ni chapati."

Basi yale maneno ya jicho yakanikaa. Nikiwa nashona, macho yangu yako kwenye ile taa. Usiku nikimkanda Modesta miguu iliyovimba, nawaza fagio limeegemea uzio. Mwishowe nikamfuata fundi wetu, Okech, mtu wa Shirati, mcheshi, anayependwa na wote.

"Fundi, eti ni kweli jicho halimwoni aliyetulia?"

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Eti ni kweli?"

Hakunijibu kwa mdomo. Aliingia ndani ya uzio, taa ikawa nyekundu, mkono ukasimama. Akaanza kucheza, kiuno huku, mabega huku, spana imetokeza mfukoni. Watu wakaacha kazi kumtazama.

"Unaona? Nikicheza inaniona. Nikitingisha kidole," akatingisha kidole, "inaniona. Mkweo yuko salama."

"Na ukitulia?"

"Mama Modesta! Humu kiwandani nani anatulia? Ukitulia, Masalu anakuona kabla ya jicho."

Masalu ndiye msimamizi wetu, na alikuwa amesimama palepale. Hata yeye alicheka. Watu wakarudi kwenye kazi wakiwa wanafuta machozi ya kicheko.

Mimi bado nilikuwa na swali. Kwenye nguzo, nje ya uwazi, kulikuwa na swichi iliyozungushiwa tepu nyeusi. Nikauliza hiyo ni ya nini.

"Hiyo tumeipa likizo," alisema Okech, akaondoka.

Nikarudi kushona. Mwenye elimu ya darasa la saba ukimbishia fundi mara ya pili unaonekana mshamba. Na kweli aliyoniambia yalikuwa na maana: mfagiaji anafagia, hatulii. Nani atasimama kama gogo ndani ya uzio, mchana, watu wanamtazama? Nililiuliza hilo swali kichwani mwangu nikaona halina jibu. Jibu nilikuwa nalo nyumbani kwangu tangu siku ya mahari, sikulitambua.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Asubuhi niliondoka Modesta akilalamika kiuno. Simu zetu kazini tunaziacha getini kwa mlinzi, ndio utaratibu. Jua limepanda kidogo mlinzi akaja mpaka kwenye meza yangu.

"Mama, jirani yako Atieno amepiga. Binti kashikwa uchungu, wako naye kituo cha afya. Anasema usihangaike, manesi wanasema bado bado, ila baba mtoto aambiwe."

Nikageuka kumtafuta Dorcas. Dorcas hakuwepo, alikuwa msibani Pasiansi. Kwenye kiti chake walikuwa wamemweka binti mgeni ambaye hata jina lake sikulijua vizuri. Ningeweza kumtuma huyo. Ningeweza kumtuma mlinzi mwenyewe. Nililifikiria, halafu nikaona hapana, habari ya mtoto wa kwanza haipitishwi kwa mtu wa kando kama vile ni habari ya kukatika umeme. Nikasema leo nitampelekea mwenyewe, nitasimama mbali, nitasema maneno machache nirudi.

Nikajifuta vumbi, nikajifunga kitenge vizuri juu ya aproni, nikaenda.

Alikuwa ndani ya uzio anafagia. Taa nyekundu, mkono umesimama nyuma yake, umenyooka kama boriti. Akaona kitenge changu kikija. Sikuwa nimefika hata kwenye uwazi, tayari ameshageuka. Uso akaupeleka kwenye rundo la mifuko, fagio akaliteremsha chini taratibu, mikono akaikunja mbele, kichwa akakiinamisha. Akatulia. Wale wanaojua adabu wangemwona wangesema kijana huyu kafundwa.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimia.

"Mwangaluka, mayu."

Mayu kwetu ni mama. Alinijibu bila kugeuka, sauti ya chini.

"Mmelalaje huko?"

"Salama, mayu. Nyinyi?"

"Sisi salama. Na kazi?"

"Tunashukuru, mayu."

Nikamuuliza na bibi yake. Nikamuuliza kama mvua imenyesha Misungwi. Watu wa pwani watashangaa, mama mwenye habari kama ile anauliza mvua. Lakini kwetu habari kubwa haitupwi mlangoni kama maji ya kuoshea vyombo, inaandaliwa mahali pa kukaa. Na kila nilichouliza alijibu vilevile alivyosimama, hakuna hata kukuna sikio. Mimi nje ya uwazi, yeye ndani, na katikati yetu ile heshima.

"Baba, mwenzako kashikwa uchungu. Wako kituo cha afya. Anaendelea vizuri."

"Asante, mayu."

Niliona shavu lake likivutika kidogo, lile la upande wangu. Alitaka kucheka. Baba mtarajiwa, mwingine angeruka juu, angetupa fagio, angekimbia kuwaambia wenzake. Laiti angeruka. Yeye furaha yake aliibana ndani, asije akatingishika mbele ya mama mkwe.

Hapo taa ikawa kijani.

Yale maneno ya kibandani yakanirudia yote kwa mara moja, pamoja na kile kicheko cha watu. Nilijua. Mtu asiniambie sikujua. Nilijua kabla mkono haujaanza kwenda, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

Mle ndani kuna kelele. Kinu cha kusaga kinanguruma, mkanda unalia, watu wanapigiana makelele siku nzima, jamani mfuko huu, jamani uzi umekatika. Katika kelele kama zile kinachomshtua mtu ni jina lake. Jina lake nililijua kama ninavyolijua la Modesta. Nililitafuta mdomoni halikuja. Ulimi uliofundishwa kutolitaja haukujua pa kuanzia.

"Jamani!" nilipiga kelele. "Jamani! Mashine!"

Watu walinigeukia mimi. Wengine waligeukia kinu. Yeye alimsikia mama mkwe wake amepandisha sauti, akafanya kile mtu mwenye adabu anachofanya. Aliinama zaidi. Akazidi kutulia.

Mkono ulimkuta hivyo.

Okech alikuja anakimbia kwenye kile kitufe chekundu kikubwa cha kuzimia mashine yote. Kilikuwa palepale kwenye ukuta, hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama, na siku zote sikujua kipo. Hakukiona. Mtu alikuwa ametundika koti juu yake, kimechomoza vizuri kama msumari wa kutundikia, basi wamezoea. Mpaka alipolivuta koti na kukipiga, mguu wa mkwe wangu ulikuwa umebanwa kati ya chaga na reli ya chuma. Nilimsikia akilia. Hakulia kwa jina la mke wake wala la Mungu. Alisema, "Samahani, mayu." Nafikiri ni kwa sababu alikuwa amenigeukia akaniona usoni.

Hospitali mguu walishindwa kuuokoa, wakaukata chini ya goti.

Mtoto alizaliwa jioni ileile, msichana mzima, ana sauti. Modesta alikuwa amechoka, anamtazama mtoto, bado hawajamwambia.

"Mama, baba yake ameshajua?"

"Ameshajua."

"Alisemaje?"

"Alisema asante."

"Hivyo tu?" alicheka. "Na huyo naye! Hata kuruka hakuruka?"

Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa.

Baadaye walikuja watu kukagua, wakapima, wakapiga picha, wakatuuliza mmoja mmoja. Okech alikuja kwangu Buswelu na sukari kwenye mfuko, akakaa ukingoni mwa kiti. Alinieleza taratibu, na safari hii hakuna kiuno kilichochezwa. Jicho letu lilikuwa la aina ile wanayoiweka kwenye korido za hoteli kuwasha taa mtu akipita. Linaona kutembea. Mtu mwenyewe halimwoni. Ukitulia, kwa jicho lile umeshaondoka. Zipo sensa nyingine zinazoona kwamba kuna mwili mahali hapo, utembee, utulie, ulale. Na hata hiyo ya kwetu isingeweza kumuumiza mtu kama ile swichi ya kwenye nguzo isingefungwa tepu, kwa sababu kazi ya ile swichi ni hiyo: mashine ikishasimama isiamke yenyewe, mpaka mtu aliye nje atazame ndani kwa macho yake, aone hakuna mtu, ndipo abonyeze. Wafagiaji walikuwa wakitoka wanasahau kubonyeza, mifuko inarundikana, Masalu anafokewa na ofisi. Basi akasema ifungwe. Na Okech ndiye aliyeifunga.

"Niliipima kwa kucheza, mama," alisema. "Sikufikiri kuna mtu atasimama mle kumheshimu mtu."

Nilitaka kumlaumu. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu hospitali. Lakini aliposema hivyo nikaona sote tulikuwa humo: aliyefunga tepu, aliyeamuru, aliyetundika koti, na mimi niliyeuliza habari za mvua.

Sasa wameweka sensa nyingine. Siku ya kuijaribu Okech aliingia ndani ya uzio akasimama kama mti, mikono imeshuka, kichwa chini. Sote tuliacha kazi. Alikaa vile muda mrefu mpaka jasho likamtiririka puani, na taa ikabaki nyekundu.

"Imeniona," alisema. Hakuna aliyecheka. Dorcas alikuwa amenishika mkono.

Mkwe yuko kwangu sasa, maana Modesta hawezi kulea mtoto na mgonjwa akiwa peke yake Igoma. Tumetundika shuka katikati ya sebule. Upande huu mimi, upande ule yeye. Akisikia ndala zangu anatulia hata kwenye godoro, nasikia kabisa anavyotulia. Nilikuwa natamani kumwambia aache, na sikujua nimtume nani amwambie hivyo.

Juzi Modesta alikuwa ametoka kuchota maji bombani. Nimembeba mjukuu mgongoni, nafua. Nikasikia gongo lake la kutembelea limeanguka, halafu kitu kizito kikigonga ukuta. Nilivuta shuka. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia dirisha, gongo liko mbali, na anateleza. Aliponiona aligeuza uso ukutani. Akainamisha kichwa. Akatulia, hivyohivyo anavyoanguka.

"Chenge," nilisema.

Sijawahi kulitaja. Lilitoka kavu, kama la mtu mwingine. Mtoto mgongoni aliamka.

"Chenge, usitulie. Nishike."

Alibaki ameutazama ukuta. Nikasema tena jina lake, na tena, likaanza kulainika mdomoni. Mwisho alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akapapasa hewani mpaka akalipata bega langu. Nikamkalisha. Mvua ilikuwa imeanza, nikaenda kuanua nepi.

Nimeandika haya kwa akina mama wenye watoto na wakwe viwandani, na kwa watoto wenyewe. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usisimame ukatulia ndani ya uzio wa mashine eti kwa sababu taa ni nyekundu.

Usimsalimie mtu aliye ndani ya uzio. Mwite atoke kwanza, hata kama ni mkweo, hata kama ni padri.

Usipokee salamu ukiwa ndani. Toka, ndipo uiname.

Usiipime sensa kwa kutembea tu. Pima na kwa kutulia pia, na aliye nje awe na mkono kwenye kitufe chekundu.

Usikubali mashine inayoamka yenyewe.

Usifunge tepu kwenye swichi yoyote, na ukiikuta imefungwa usiingie, uliza, na ukichekwa uliza tena.

Usitundike koti kwenye kitufe chekundu. Wala kofia, wala mfuko wa chapati.

Usianze kazi kabla hujajua kitufe hicho kiko wapi.

Usiache kutaja jina la mtu aliye hatarini.